Sitini kwa Sitini

Mwaka ule wa mwisho zilikuja jozi tano.
Ya tano ni baba na mwanawe wa Mtambwe
waliofika Wete kununua saruji,
wakakuta mkeka umetandikwa, viatu haba,
wakaona haya kupita.

Mimi karani. Chaki yangu, ubao wangu,
miaka thelathini na mmoja naandika majina
ya watu wanaoinamia karata
kama wanaosoma barua ya msiba.
Niliwahi kuandika jozi sitini na nne,
mwaka karafuu ilipopanda bei
tukalaza wageni wa Tanga mpaka barazani kwa kadhi,
na Waunguja, kwa maneno yao mengi,
wakashuka melini wakiuliza:
"Yuko wapi huyo Shaame?"
Usiku wake hawakuuliza tena.

Shaame Kombo, mtu wa hesabu.
Mikono mitatu ikishaliwa
anajua bibi wa pau kalala kwa nani.
Hakonyezi. Hakohoi.
Huiweka karata chini polepole, kama alazaye mtoto.
Zawadi ilikuwa baiskeli, kengele inang'aa,
naye alizitwaa tatu:
moja kaipanda, moja kampa mkwewe,
moja kaiuza, akajengea choo.

Kushuka hakupigiwi mbiu.
Baiskeli ikawa redio,
redio ikawa doti mbili za kanga,
kanga ikawa chupa ya chai
ambayo mfadhili aliomba asitajwe.
Tanga wakaandika barua ya udhuru. Kisha hawakuandika.
Vijana wanacheza kwenye simu
na mtu wasiyemwona uso,
na karata za humo hazichakai.

Zetu zilichakaa.
Seti ya shupaza ilipotea, sijui mwaka gani,
tukaikatia kadibodi ya boksi la biskuti,
nikaichora saba kwa wino wangu mwenyewe.
Mgongoni imebaki nusu ya suke la ngano.
Basi kila mtu aijua kwa mgongo:
pointi kumi, na aliyeishika yu uchi mbele ya watu.
Na kila mtu hutazama kando.
Hiyo ndiyo heshima iliyosalia pale,
kutoona.

Fainali: Shaame, jicho moja lina ukungu,
na mjukuu wa marehemu mwenziwe,
kijana mwenye kucha safi anayecheza haraka mno.
Mbele yao ndugu wawili wa Konde.
Turufu ni uru.
Watazamaji kumi na mmoja, nikimhesabu
Bi Time wa kahawa,
ambaye miaka yote hiyo alisimama na birika nyuma ya migongo yetu
na hakuna aliyemwambia keti.

Waliyocheza nimeyaandika. Ninayo.
Ree ya kopa ilipita mbele ya Shaame, naye hana kopa,
akatupa nne ya pau.
Mkono wa mwisho ulikuwa mkavu:
tatu, tano, tatu nyengine,
na juu yake Shaame akalaza sita ya uru.
Turufu, kulia makapi!

Nikahesabu. Ree kumi na moja, seti kumi,
basha nne, ghulamu tatu, bibi mbili.
Nikahesabu tena, kidole nimekilowesha.
Sitini huku. Sitini kule.
Ile moja haikupatikana kwa mtu.

Kanuni yasema: wachange upya, na ujao uhesabiwe mara mbili.
Lakini muadhini alikuwa ameshakohoa kwenye kipaza sauti,
na Shaame ameshainuka, anatafuta kiatu kwa mguu.
"Tutamalizia mwakani," akasema.
Ndugu wa Konde wakaitikia inshallah
wakaiacha chupa ya chai pale pale, haina mwenyewe.

Nilipokuwa nakunja mkeka Bi Time akanisogelea,
vikombe vinagongana kiganjani.
"Karani, ile sita ya uru
aliiweka ya nini muda wote ule,
na ree inampita?"

Nikafuta ubao, herufi moja moja.
"Sikuona," nikamwambia.
Akanimiminia iliyobakia birikani.
Hakutaka pesa.